Gugu Karoti: Ling'oeni Kabla Halijachanua

Gugu karoti ni mmea mgeni wenye asili ya bara la Amerika, ambao umeenea mkoani Arusha na katika maeneo mengine ya nchi yetu. Huota kando ya barabara, mashambani, katika viwanja vya shule na bustani za nyumbani. Kwa kuwa maua yake ni madogo na meupe, wapo wanaoliacha wakidhani ni pambo. Hata hivyo, kuligusa huweza kuleta muwasho na uvimbe wa ngozi, na chavua yake huweza kuamsha mafua ya mzio na pumu. Ng'ombe wakilila, maziwa yao huwa machungu.

Namna ya kulitambua

Likiwa changa, majani yake hutandaa juu ya ardhi, yakiwa yamechanjwachanjwa mithili ya majani ya karoti. Katika hatua hii hujificha kwa urahisi ndani ya nyasi za bustani. Baadaye hutoa shina lililo wima, lenye mifereji na matawi mengi. Kila ua lina upana wa milimita 4 hivi. Lisichanganywe na kishona nguo, ambacho mbegu zake hunasa kwenye nguo. Mbegu za gugu karoti hazinasi.

Kwa nini tuwahi

Gugu hili huweza kuchanua wiki 4 hadi 6 tu baada ya kuota, na mmea mmoja huweza kutoa mbegu zaidi ya 10,000. Mbegu hizo husafirishwa na maji, samadi, mchanga wa ujenzi na matope ya magurudumu. Hudumu ardhini kwa miaka kadhaa.

Hatua za kuchukua

1. Vaa glavu, barakoa na nguo ya mikono mirefu. Watoto na wenye pumu wasishiriki.
2. Ng'oa pamoja na mzizi wakati udongo una unyevu, kabla maua hayajatokea.
3. Mmea uliokwisha kuchanua usifyekwe, kwani kufyeka hutawanya mbegu. Ufunike kwa mfuko kwanza, kisha uung'oe.
4. Usiutupe kwenye mboji wala usiwalishe mifugo. Uanike ndani ya mfuko, kisha uuchome mbali na watu, bila kusimama kwenye moshi.
5. Panda nyasi au mimea mingine pale palipobaki wazi, na ukague upya kila baada ya mvua.

Ukilazimika kutumia kiuagugu

Nunua kilichosajiliwa, kwa muuzaji mwenye kibali, kikiwa katika chombo chake halisi chenye lebo unayoweza kuisoma. Usikubali kupimiwa katika chupa ya maji ya kunywa. Baadhi ya viuagugu huua nyasi pia. Muulize afisa kilimo wa kata yako kabla ya kupulizia.

Bustani moja iliyosafishwa haitoshi ikiwa ya jirani imechanua. Tunawasihi wananchi wang'oe kwa pamoja, mtaa kwa mtaa.