Wananitaka Jumatatu

SWALI: Nimepata kazi yenye mshahara mnono zaidi hapa Dar es Salaam. Wananitaka Jumatatu. Nikiondoka bila notisi itakuwaje?

JIBU: Usiruke ukuta na mlango upo. Kwa anayelipwa kwa mwezi, akishavuka mwezi wa kwanza kazini, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka notisi ya maandishi isiyopungua siku 28. Soma mkataba, huenda ukataka zaidi. Ukigoma kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaweza kukata malipo ya siku hizo kwenye stahili zako. Usitegemee likizo, haihesabiwi ndani ya notisi. Peleka barua nakala mbili, yako igongwe muhuri wa mapokezi. Mwajiri mpya anayekuhitaji kweli atakusubiri.