Pesa ya mnada ikiingia, vitabu vingoje

Kama unaishi Masasi, Newala au bonde la Lukuledi, pesa yako haiji kama ya mtu wa Dar es Salaam. Msimu wa korosho minada inapoanza, Oktoba hivi, simu inalia: malipo yameingia benki. Mwaka Mpya ukipita, kimya, mpaka ufuta wa katikati ya mwaka. Hata mwalimu na nesi wenye mshahara wana mikorosho yao pembeni, na msimu huwachanganya vilevile. Ndiyo maana matumizi madogo hayakuumi siku unayoyafanya. Yanakuuma Februari, mahindi yakiwa yamepanda bei.

Kwa hiyo anza siku ile ile ya malipo. Usitoe yote. Kaa chini na mwenzako, gaweni kwanza: chakula cha kufikia mavuno, sare na madaftari ya Januari, kupalilia mikorosho, vibarua wa kupuliza dawa. Salfa ya ruzuku ikija, vizuri, lakini mafuta ya bomba na ujira wa mpulizaji vinakutoka wewe. Pesa ya mambo hayo iweke kwenye akaunti usiyoigusa kwa simu, au ununulie hisa zako za VICOBA mapema. Iliyobaki kwenye laini unayotumia kila siku, ihesabu kama imeshatumika.

Halafu tenga fungu la raha. Usijinyime kabisa. Anayejiapiza kwamba mwaka huu hanunui hata kitabu kimoja huvunja kiapo haraka, na akivunja hununua vitano kwa mpigo. Chagua kiasi ambacho hata kikiisha chote hutakosa unga. Kiweke taslimu kwenye bahasha, si kwenye simu. Humo zitoke soda, vocha ya ziada, kanga uliyoipenda, riwaya. Bahasha ikiisha tarehe 12, subiri mwezi ujao.

Ukiona sharti hilo la bahasha ni kali mno, piga hesabu hii. Chai na maandazi ya dukani ya Sh 1,500 kila siku ni Sh 45,000 kwa mwezi. Kwa mwaka zinapita laki tano. Sikuambii uache chai. Nakuambia uchague siku za kunywa ya dukani, na siku nyingine unywe ya nyumbani kabla ya kutoka.

Sasa vitabu. Hapa ndipo wasomaji hujidanganya, kwa sababu kitabu kina heshima. Unajiambia unanunua elimu. Basi nenda kabatini uhesabu vile ambavyo hujavifungua. Hivyo ndivyo ununuzi wako wa miezi ijayo, na umeshavilipia. Jiwekee sharti moja: hakiingii kipya mpaka viwili vya zamani viishe.

Tamaa ya kitabu kipya usipigane nayo, iandike. Tuseme umeona mtu kaweka picha ya kitabu cha kumbukumbu za Rais wa zamani Benjamin Mkapa, mwana wa Lupaso, kile cha mwaka 2019 kinachoitwa My Life, My Purpose, na unakitaka usiku huo huo. Fungua daftari, andika jina, bei na tarehe. Mwisho wa mwezi pitia orodha. Utakuta mengine huyakumbuki hata uliyaandikia nini. Futa. Lile ambalo bado linakuita, hilo ndilo la kununua.

Na usiagize kimoja kimoja. Kitabu kutoka Dar kina bei yake, kisha kina kifurushi cha basi mpaka Masasi, na kimoja peke yake unakibebea gharama yote. Unganeni watatu au wanne, agizeni mara moja kwa miezi mitatu. Ukipita Ndanda, kumbuka Wabenediktini wa pale wamekuwa wakichapa vitabu kwa miaka mingi, tena huhitaji kulipia mzigo kutoka mbali. Ukiwa na safari ya Mtwara, pitia maktaba ya mkoa uulize utaratibu wa kuazima.

Lakini mbinu ninayoipenda kuliko zote haihitaji safari. Wekeni kabati moja kazini, ofisi ya walimu au zahanati, kila mmoja alete vitabu viwili alivyokwisha kuvisoma. Pembeni liwepo daftari: jina, kitabu, tarehe ya kuchukua, tarehe ya kurudisha. Daftari hilo ni la lazima. Bila daftari, vitabu vitapotea na urafiki utaingia doa. Watu watano tu, na una vitabu vinane vya wenzako vya kusoma bila kutoa shilingi.

Simu nayo ishughulikie. Wauzaji wanaokutamanisha kwa picha kila jioni, wazime. Namba zao bado unazo ukiwahitaji. Vifurushi vya siku, jumlisha vya mwezi mzima kisha ulinganishe na kifurushi cha mwezi. Mikopo ya papo hapo ya kwenye simu usiitumie kwa starehe hata siku moja, maana pesa ikiingia inakatwa kabla hujaiona. Kubeti usikuweke kwenye fungu la raha. Hakujui kikomo cha bahasha, kwa hiyo kata kabisa.

Msimu pia huleta wafanyabiashara na bidhaa zao mpaka vijijini, na bei zinajua kwamba una pesa. Nguo na viatu visivyo vya haraka visogeze hadi Machi. Kwenye uraka na nyama choma na marafiki, beba kiasi cha jioni hiyo tu, simu ya pesa iache nyumbani.

Na ukiteleza, usifute mpango mzima. Umezidisha Sh 20,000? Punguza Sh 10,000 kwenye bahasha ya mwezi ujao na Sh 10,000 kwenye ya mwezi unaofuata. Andika juu ya bahasha leo hii, ukiwa bado unakumbuka.