Kihamba cha Nabothi (1 Wafalme 21)



Mwaka 1903, baada ya Wayahudi kuuawa kule Kishinev, Waziri Chamberlain wa Uingereza alipendekeza kwa Theodor Herzl wapewe makao Uasin Gishu, Kenya ya leo. Mwaka 1905 Mkutano wa Wazayuni ulikataa. Wengi walitaka Palestina tu. Lakini jamani, Wanandi na Wamasai waliochunga huko, nani aliwauliza? Palestina nako kulikuwa na wenyeji.

Sisi wa mlimani tunajua: anayekimbia kifo hafukuzwi mlangoni, ila humkaribishi kwenye kihamba cha jirani. Ahabu alisahau hilo.

Tafakari: huruma yangu, je, nailipia mwenyewe, au namlipisha mwingine?

Ee Bwana, utupe haki na amani. Amina.