Kuwajibika na Kuwajibishwa: Mofolojia ya Istilahi Moja katika Historia ya Jumuiya ya Afrika Mashariki

1.0 Utangulizi

Istilahi uwajibikaji imezoeleka mno katika lugha ya utawala hata muundo wake hauchunguzwi. Makala haya yanauhusisha muundo huo na Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyovunjika mwaka 1977, ikafufuliwa kwa Mkataba wa 1999, na kupanuka kutoka nchi tatu hadi nane Somalia ilipojiunga mwaka 2024.

2.0 Kauli Mbili

Nomino wajibu huzaa vitenzi -wajibika na -wajibisha. Husemwa "waziri amewajibishwa na Bunge", lakini haisemwi "*waziri amewajibika na Bunge". Kauli ya kutendeka haimpi nafasi mtenda wa nje. Anayewajibika husukumwa na dhamiri yake. Kauli ya kutendeshwa humdai mtenda: lazima awepo wa kuwajibisha. Uwajibikaji umeundwa kutokana na kauli ya kwanza, na kwa hiyo hulificha swali la nani amwajibishe nani.

3.0 Jumuiya ya Kwanza

Chini ya Mkataba wa 1967, mamlaka ya juu yalikuwa ya marais watatu. Baada ya mapinduzi ya Uganda ya mwaka 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi na Idi Amin, na kikao hicho kikakoma. Palipokosekana maafikiano hapakuwa na wa kuwaita viongozi watoe hesabu.

Dibaji ya Mkataba wa 1999 inakiri sababu za kuvunjika: ukosefu wa utashi thabiti wa kisiasa, ushiriki hafifu wa sekta binafsi na asasi za kiraia, na mgawanyo usio sawa wa manufaa. Ungamo hilo ni la kupongezwa. Hata hivyo, sababu zote zimetajwa kwa nomino zisizo na mtenda. Utashi ulikosekana, aliyeukosa hatajwi.

4.0 Jumuiya ya Pili

Kinachokosekana katika dibaji kinapatikana katika ibara ya 30, inayomruhusu mkazi yeyote wa nchi mwanachama kufungua shauri katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Hapa mtenda wa nje amepatikana.

Mwezi Novemba 2006, katika shauri la Anyang' Nyong'o na wenzake, Mahakama ilizuia wabunge wa Kenya waliopingwa wasiapishwe katika Bunge la Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata wakuu wa nchi waliurekebisha Mkataba. Pamoja na mengine, mlalamikaji akawekewa ukomo wa miezi miwili. Mwaka 2008 Mahakama hiyohiyo iliamua kuwa marekebisho yalikiuka Mkataba kwa kutowashirikisha wananchi, ila haikuyabatilisha. Kosa la 1977, ushiriki hafifu, lilikuwa limerudiwa. Safari hii lilitajwa pamoja na mtenda wake.

5.0 Hitimisho

Jumuiya imejifunza, lakini nusu. Kuungama kosa ni kuwajibika. Kuweka mlango ambao mwananchi ataupitia ni kukubali kuwajibishwa, na mlango huo ulipotumiwa ulipunguzwa upana. Miezi miwili ni michache kwa asiyeisoma lugha ya Mkataba. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa wakuu wa nchi wa mwaka 2021 wa kukifanya Kiswahili kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya si suala la heshima ya lugha tu. Asiyeelewa alichoahidiwa hawezi kumwajibisha aliyeahidi.