Uhamishikaji wa Msimbo wa Ufuatiliaji katika Kiini cha Linux

Makala haya yanachunguza jinsi msimbo unaofuatilia utendaji wa kiini cha mfumo wa kompyuta unavyoweza kutumika katika prosesa za miundo mbalimbali bila kuandikwa upya. Mfano unaozingatiwa ni ftrace, zana iliyoasisiwa na Steven Rostedt na kuingizwa katika toleo la 2.6.27 la kiini cha Linux mnamo Oktoba 2008.

Msingi wa zana hii ni sahili. Kompaila hupachika wito mfupi mwanzoni mwa fanksheni. Ufuatiliaji usipohitajika, wito huo hugeuzwa kuwa amri isiyotenda lolote. Ukihitajika, hurejeshwa huku kiini kikiendelea kufanya kazi. Tatizo ni kwamba prosesa hazisemi lugha moja. Katika x86, urefu wa amri ni kati ya baiti 1 na 15, na wito huu huchukua baiti 5. Katika ARM64, kila amri ni baiti 4. Isitoshe, ARM64 hudai hifadhi ya muda ya amri isafishwe waziwazi baada ya msimbo kubadilishwa, ilhali x86 hujisawazisha yenyewe kwa kiasi kikubwa.

Mwanafunzi wa isimu si mgeni wa hali kama hii. Kiambishi cha ngeli ya kwanza ni mofimu moja, lakini hujitokeza kama m- katika mtu, mw- katika mwalimu na mu- katika muumba. Upatanisho wa kisarufi haujali ni alomofu ipi iliyotokea. Hutazama ngeli tu. Vivyo hivyo, msimbo wa jumla, uliomo katika saraka ya kernel/trace, huuliza nambari ya ombi lililoletwa kwenye kiini kupitia fanksheni syscall_get_nr. Jibu hutolewa na kila muundo ndani ya saraka ya arch: x86-64 hupokea nambari hiyo katika rejista ya rax, ARM64 katika x8. Muundo usiokidhi masharti hautangazi uwezo huo katika usanidi, na msimbo husika haukusanywi.

Hata hivyo, mlinganisho huu una mpaka. Anayekosea alomofu husahihishwa; anayekosea baiti huharibu mashine. Katika matoleo ya majaribio ya 2.6.27, ftrace ilihifadhi anwani za msimbo uliokwisha kuondolewa. Baadhi ya anwani hizo zilikuja kuelekezwa kwenye kadi za mtandao zilizotumia kiendeshi cha e1000e. Amri ya kulinganisha na kubadilisha, isiyodhuru kumbukumbu ya kawaida ulinganisho unaposhindikana, iliandika ndani ya kadi na kuziharibu. Sehemu hiyo ya ftrace ilizimwa muda mfupi baada ya toleo kamili kutolewa.

Kwa kuhitimisha, uhamishikaji hauji kwa kuficha tofauti za prosesa. Huja kwa kuzibainisha, kuzipa mahali pake, na kutochukulia tabia ya muundo mmoja, au ya aina moja ya kumbukumbu, kuwa kanuni ya yote.