Ufizi Ukitoka Damu

Ndugu wanakikundi, wengi wetu tukiona damu kwenye mswaki tunaacha kusugua meno. Hapo tunakosea. Damu huletwa na ukoga uliokaa kati ya jino na ufizi. Tusugue polepole, asubuhi na kabla ya kulala. Damu isipokoma kwa wiki mbili, twende kliniki ya meno: ukoga uliokwisha kuwa mgumu hukwanguliwa na mtaalamu wa meno tu.

Ugonjwa huu mwanzoni hauumi. Jino likilegea, au ufizi ukiachana nalo na kutoa usaha, tuombe kuonwa na daktari bingwa wa fizi. Sisi wa Kawangware na Kangemi tunaweza kwenda Hospitali ya Meno ya Chuo Kikuu cha Nairobi, barabara ya Argwings Kodhek. Mwenye kisukari asingoje, maana fizi mbovu humpandishia sukari.

Jino la ukubwani likishang'oka, halioti tena.