Somo la Mwezi wa Kwanza: Nuhu Aondoa Kifuniko cha Safina

Masomo: Mwanzo 8:1-22



Sisi wa Goma tunaujua mwezi wa kwanza. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka, ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Mwisho wa Januari 2025 vita viliingia mjini, tukazika watu wengi, na benki zikafungwa. Kwa hiyo mtu akisema hapa kwetu "Heri ya mwaka mpya", wako wanaoitikia kwa sauti ndogo. Tumechagua somo hili zaidi kwa ajili yao.

Tuangalie tarehe zilizoandikwa. Wengi tukisikia habari za Nuhu tunakumbuka siku 40 za mvua, tukidhani taabu yake ilikuwa ya siku hizo tu. Sivyo. Maji yalianza katika mwaka wa 600 wa maisha yake, mwezi wa pili, siku ya 17 (7:11). Nchi ilikauka kabisa mwaka wa 601, mwezi wa pili, siku ya 27. Ni mwaka na siku zaidi, ndani ya safina, pamoja na wanyama wote na harufu yao! Na kabla ya mwisho huo, mstari wa 13, inakuja siku ya kwanza ya mwezi wa kwanza. Siku ile Nuhu aliondoa kifuniko, akatazama, akaona uso wa nchi umekauka. Lakini hakutoka. Alikaa tena karibu miezi miwili, mpaka Mungu aliposema naye.

Basi mwaka mpya haukumtoa Nuhu safinani. Ulimpa kuona tu. Wewe ambaye bado unalala kwa ndugu yako, au bado unangoja habari za mtoto, usione haya kwamba mwaka umebadilika nawe ungali ndani. Mungu alimkumbuka Nuhu (mst. 1) maji yakiwa bado juu ya milima.

Alipotoka, hakuanza na nyumba wala shamba. Alijenga madhabahu, akatoa wanyama safi, nao walikuwa wachache, mbegu ya kesho. Mwaka 2002 watu wetu walirudi mawe yakiwa bado na joto, wakayavunja kwa nyundo, wakasimamisha nyumba za mbao juu yake. Sadaka zao zilikuwa sombe na makala. Tulizipokea kwa machozi.

Lakini tuna neno la kuonya. Baada ya vita ndugu mmoja alisimama katika ibada, akashukuru kwamba bomu lilipita nyumba yake likaangukia ya jirani, kwa sababu yeye hufunga na kuomba. Watu wakapiga vigelegele. Mama mmoja wa benchi la nyuma akatoka nje. Yeye naye alikuwa amefunga na kuomba, na mtoto wake amezikwa. Sisi viongozi hatukumfuata siku ile. Ni kosa letu, tunaliungama.

Someni tena mistari ya 20 mpaka 22. Nuhu hasemi neno lolote mbele ya madhabahu. Hasemi kwa nini yeye alipona na wengine wakafa. Anatoa sadaka, na anayesema ni Mungu.

Kwa hiyo, Jumapili ya shukrani, kila atakayetoa ushuhuda ataje kwanza jina la mtu mmoja aliyefiwa katika mtaa wake, tumwombee, ndipo ashukuru.

Mama yule tulimwendea baada ya majuma matatu. Alituuliza kama anaweza kuleta sadaka yake bila kuimba. Tulimjibu, ndiyo, Mama, ilete.

Maswali kwa vikundi: Nuhu alijuaje kwamba wakati wa kutoka umefika? Na katika kikundi chenu, ni nani aliyeacha kuja tangu alipofiwa, na nani atakwenda kwake juma hili?